Koka Spanieli Nyumbani: Mjue kwa Kazi Yake Kabla ya Sura Yake

Ukitafuta mbwa wa familia, usianze na picha. Koka spanieli wa Kiingereza ana picha inayojiuza yenyewe: masikio marefu yenye manyoya ya mawimbi, macho makubwa yanayoonekana kama yanakuomba radhi, mwili wa kutosha kulala chini ya meza. Mzazi akiiona, na watoto wakiwa pembeni yake, huanza kuulizia bei. Mwongozo huu unakutaka uanze kwingine, kwenye kazi ambayo mbwa huyu alizalishwa aifanye muda mrefu kabla hajaingia sebuleni. Karibu kila utakachompendea koka, na karibu kila kitakachokuchosha, kimetokana na kazi hiyo. Familia inayoijua huamua mapema kama mbwa huyu anaifaa. Isiyoijua huja kugundua baadaye, wakati mbwa ameshapewa jina na watoto wameshamzoea.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Huko Uingereza mwindaji wa ndege aliingia kwenye vichaka na bunduki yake, mbwa mdogo akimtangulia kwa hatua chache tu, ndani ya masafa ya risasi. Mbwa alipekua chini ya miti kwa pua, akamfurusha ndege aruke, akatulia bwana wake apige, kisha akaenda kumwokota ndege aliyeanguka na kumleta mkononi bila kumtafuna. Windo lake kubwa lilikuwa woodcock, ndege anayejificha kwenye majani makavu ya msituni, na jina la mbwa limetoka hapo. Katika karne ya 19 hata watoto wa tumbo moja waligawanywa kwa uzito tu: asiyezidi ratili 25, yaani kilo 11 na kitu, aliitwa koka; aliyezidi aliingia kundi la springa. Kennel Club, chama cha mbwa cha Uingereza kilichoanzishwa 1873, kilimtambua koka kuwa aina ya peke yake miaka ya 1890, na sharti la uzito likaondolewa 1901. Wazalishaji wengi humtaja Obo, dume wa James Farrow aliyezaliwa 1879, kuwa babu wa koka wa leo. Siku hizi dume husimama sentimita 39 hadi 41 mabegani na kuwa na uzito wa kilo 12.5 hadi 14.5. Wamarekani walikwenda njia yao: wakamfupisha pua, wakamrefusha manyoya, na 1946 American Kennel Club ikawahesabu kuwa aina mbili. Lady, yule wa filamu ya Disney ya 1955, ni wa tawi hilo la Marekani, kwa hiyo usimchukue kuwa kipimo cha mbwa ninayemzungumzia hapa.

Katika maelezo hayo yote, zishike zile hatua chache kati ya mbwa na mwindaji. Mbwa wa kulinda mifugo anaweza kukaa na kundi kutwa nzima bila kumwona mtu. Koka aliyekwenda mbali alifurusha ndege nje ya masafa, akawa hana faida, hakuachiwa uzazi. Kizazi baada ya kizazi walibakizwa wale waliofanya kazi wakigeukageuka kumtazama mwenye bunduki. Mbwa unayemleta nyumbani leo amerithi hilo. Atakufuata jikoni, atalala juu ya mguu wako, atakaa nje ya mlango wa bafu akikungoja utoke. Wengine huita hali hii mapenzi, wengine usumbufu, lakini kwa vyovyote si mazoea mabaya ambayo utamwachisha kwa kumfokea.

Hapo ndipo desturi zetu nyingi za kufuga mbwa zinapogongana naye. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki mbwa ni mlinzi: mchana yuko bandani, usiku anafunguliwa azunguke uani, chakula chake ni kilichobaki, na watoto wa nyumba wanakatazwa kumzoea ili asije akapoteza ukali. Koka akipewa maisha hayo huharibika. Hubweka mfululizo, huchimba chini ya geti, hutafuna mlango wa banda, hujiramba miguu mpaka ikatoka vidonda. Mwenye nyumba husema mbwa huyu ana wazimu, kumbe mbwa yuko mita 20 kutoka kwa watu na kila kitu mwilini mwake kinamwambia awe mita mbili. Wala ulinzi hutaupata. Mgeni akigonga, koka atabweka, kisha atamkaribisha na kiatu kinywani. Kama unachotaka ni geti kuogopwa, tafuta mbwa mwingine. Si kosa la koka.

Atatokea wa kunikatiza hapa aseme tabia ya mbwa ni malezi, na habari za aina ni biashara ya watu wa vyeti. Hoja yake si dhaifu. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Kathleen Morrill na wenzake, uliokusanya majibu kuhusu mbwa zaidi ya 18,000 na kuchunguza vinasaba vya zaidi ya 2,000 kati yao. Aina ya mbwa ilieleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Ndiyo kusema kumwona koka mmoja mpole kwa jirani hakukuhakikishii kitu kuhusu koka utakayemnunua wewe. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba kati ya tabia zilizopimwa, wepesi wa kufuata maelekezo ya mtu ndio uliofungamana na aina kuliko tabia nyingine, na huo ndio wepesi ambao wawindaji waliuchagua kwa koka. Nionavyo mimi, aina inakuonyesha mbwa anaelemea wapi, na malezi yanaamua atafika wapi. Anayeidharau mojawapo atalipa kwa nyingine.

Kuna ushahidi wa zamani zaidi unaoonyesha mambo hayo mawili yakifanya kazi pamoja, na una mbwa wa Kongo ndani yake. Kule Bar Harbor, jimbo la Maine nchini Marekani, John Paul Scott na John Fuller walilea aina tano za mbwa katika mazingira yaleyale kwa miaka mingi, wakiwemo koka wa tawi la Marekani na basenji, mbwa wa kuwindia wa misitu ya Kongo. Matokeo waliyachapisha katika kitabu cha 1965. Watoto wa basenji wa wiki tano walimkwepa mtu na kumng'ata, wakatulia baada ya kushikwashikwa. Watoto wa koka walikuwa wepesi kushikika, na kwenye zoezi la kukaa kimya juu ya mizani walikuwa miongoni mwa waliofanya vizuri zaidi. Mpaka hapo aina imeshinda. Lakini mwaka 1961, kutoka taasisi hiyohiyo, Daniel Freedman na wenzake walieleza jinsi walivyowakuza watoto wa koka na wa aina ya beagle ndani ya uwanja wenye ua mrefu, wakila na kunywa bila kuona mtu. Waliotolewa kwa wiki moja kuchezewa na watu, wakiwa na umri wa wiki tano, saba au tisa, waliwazoea. Waliofichwa mpaka wiki ya 14 wakawa kama wanyama wa porini, na kuwatuliza baadaye kukawa kazi ngumu mno. Hawa ni koka, mbwa anayesifiwa duniani kwa kumpenda mtu.

Kwa mnunuzi, hayo yana maana moja ya haraka: nenda ukaone mahali anapolelewa. Mtoto wa koka aliyezaliwa kwenye banda la nyuma, akaletewa chakula na mkono mmoja tu, kisha akauzwa akiwa na miezi minne, ameshapitwa na muda ambao hautarudi. Aliyezaliwa kwenye kona ya jikoni, kati ya kelele za sufuria na watoto wanaotoka shule, ana mtaji hata kama wazazi wake hawajawahi kushinda kikombe. Usimchukue kabla ya wiki nane, kwa sababu mama na ndugu zake bado wanamfundisha kuuma kwa kiasi. Ukishamchukua una wiki chache za kumwonyesha dunia utakayoishi naye: bodaboda, mvua ikipiga bati, mwanamke mwenye buibui, mzee mwenye fimbo, mtoto anayekimbia, mlio wa jenereta. Hatari ya ugonjwa wa parvo ipo kweli, na kabla hajamaliza chanjo usimtembeze mahali wanapopita mbwa wengine. Mbebe. Mtoto wa mbwa aliyepakatwa kibarazani akitazama barabara anajifunza sawasawa na anayeikanyaga. Chanjo za kwanza huanza akiwa na wiki sita hadi nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16 hivi, na ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi mitatu na kuendelezwa kila mwaka.

Baada ya ukaribu inafuata pua. Watu husema koka anahitaji mazoezi mengi, na hapo husimulia kilomita. Kilomita anazihitaji, kama saa moja kwa siku kwa mbwa mzima mwenye afya, alfajiri na jioni, wakati lami haijawaka. Lakini kinachomchosha vizuri ni kunusa. Mbwa wa jamii ya spanieli wamo miongoni mwa wale waliofunzwa Usa River, karibu na Arusha, katika mpango wa mbwa wa African Wildlife Foundation, na kupelekwa kwenye bandari na viwanja vya ndege vya kanda hii kutafuta pembe za ndovu na bidhaa nyingine za wanyamapori ndani ya mizigo. Mbwa wa kazi hiyo anapekua makontena kwa shauku, na malipo yake ni kurushiwa mpira. Wako ana pua hiyohiyo na hana kontena hata moja. Asipopewa cha kutafuta atajitafutia, na kwa kawaida huanzia pipa la taka.

Mpe kazi hii nyumbani. Chemsha maini bila chumvi, uyakate vipande vya ukubwa wa punje ya hindi. Mtoe mbwa chumbani, weka vipande vitatu sakafuni mahali panapoonekana, mrudishe, sema "tafuta", kisha nyamaza. Usimwonyeshe kwa kidole. Akikizoea kidole ataacha pua na kukutazama wewe. Siku zinazofuata ficha kimoja nyuma ya mguu wa kiti, kingine chini ya ukingo wa mkeka, kingine ndani ya kiatu cha zamani. Utamwona anavyobadilika: mkia unaanza kutetemeka kwa kasi, pumzi zinakuwa fupi na za haraka, kichwa kinavutwa upande mmoja kama kuna uzi, kisha anarudi nyuma nusu hatua pale alipopitiliza harufu. Dakika kumi za mchezo huu humlaza usingizi kuliko kumkimbiza uwanjani. Mtoto wa miaka sita anaweza kuuendesha mwenyewe, na ni bora acheze naye hivi kuliko kukimbizana, kwa sababu kukimbizana humfundisha mbwa kuparamia na kudaka nguo.

Kinywa nacho kilichaguliwa. Mbwa aliyezalishwa abebe ndege bila kumchubua hupenda kuwa na kitu mdomoni siku nzima: ndala, soksi, rimoti, mdoli wa mtoto. Hapa ndipo urafiki wa koka na familia huharibika mara nyingi, na kosa huwa la watu. Mbwa ameokota ndala, mtoto anamfukuza, mama anampokonya, baba anampiga. Siku ya tatu mbwa anajifunza kwamba akishika kitu anakuja kunyang'anywa, na ya kumi anakiinamia kitu chake, anakakamaa, weupe wa jicho unaonekana, anakoroma. Mtoto haelewi dalili hizo. Dawa ni kubadilishana tangu siku ya kwanza. Msogelee na kipande cha nyama, mwache aachie mwenyewe, mpe, kisha pale inapowezekana mrudishie kile alichokuwa nacho. Mbwa anayeamini kwamba kuachia kunalipa hukuletea vitu mkononi, na hiyo ndiyo kazi aliyozaliwa nayo. Sheria ya mtoto ni moja na haina mjadala: mbwa anayekula, anayelala au aliyeshika kitu haguswi.

Hilo linanipeleka kwenye shutuma kubwa dhidi ya koka, kwamba ni mbwa wa hasira za ghafla. Kuna waliofika kuzitaja kama ugonjwa wa aina hii, hasa kwa wale wa rangi ya dhahabu. Ushahidi haupuuziki, ila unasema jambo dogo kuliko uvumi. Anthony Podberscek na James Serpell walichapisha mwaka 1996 utafiti wa wenye koka wa Uingereza, na koka wa rangi moja walionekana wakali zaidi kuliko wa rangi mchanganyiko, na wa dhahabu zaidi kuliko weusi. Miaka mingi baadaye chuo cha Royal Veterinary College cha London kilipitia kumbukumbu za kliniki za mwaka mmoja, kikakuta ukali umeandikwa kwa kama koka 4 kati ya 100: karibu 6 kwa wa rangi moja dhidi ya chini ya 4 kwa wa rangi mbili, na madume mbele ya majike. Tofauti ipo. Lakini tazama upande wa pili wa hesabu hiyo: hata kwa wa rangi moja, zaidi ya 90 kati ya 100 daktari hakuandika ukali wowote. Rangi haitoshi kumkataa mbwa wala kumchagua. Kinachokufaa zaidi ni kumwona mama yake. Jike anayekuja kukunusa mkono mbele ya watoto wake anakupa habari kuliko rangi. Ukiambiwa mama hayupo, au ni mkali hafai kuonwa leo, shukuru na uondoke. Na mbwa mpole aliyeanza kuuma ghafla apelekwe kwa daktari kabla ya kuadhibiwa. Sikio lenye uchungu au jino bovu linatosha kumgeuza. Akimng'ata mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali, hata kama mbwa ana kadi ya chanjo.

Swali jingine la kumuuliza mzalishaji ni koka gani. Aina hii imejigawa matawi mawili bila jina kubadilika. Wa maonyesho ana masikio yaliyoshuka chini zaidi, manyoya mengi, mwenendo wa taratibu kidogo. Huyu ndiye aliyeifanya aina hii itwae ubingwa wa maonyesho ya Crufts mara nyingi kuliko aina nyingine yoyote, mara sita kupitia mbwa wa H. S. Lloyd kati ya 1930 na 1950. Wa kazi ni mwepesi, kichwa bapa zaidi, manyoya machache, na injini isiyozimika. Matangazo huwauza wote kwa picha moja. Familia yenye mtu mzima anayependa kukimbia au kufundisha mbwa kila siku itafurahi na wa kazi. Familia iliyobaki imchukue wa maonyesho, na isidanganywe na maneno kwamba wa kazi atatulia akikua.

Sasa masikio. Yamependwa sana kwa sura, na ndiyo gharama. Sikio lililoning'inia, lenye manyoya ndani na tezi nyingi za nta, halipati hewa. Kwenye joto na unyevu wa pwani au wa ziwani hali huwa mbaya zaidi. Katika kumbukumbu zile za kliniki za Uingereza ugonjwa wa masikio ulikuwa kwa kama mbwa 10 kati ya 100, ukitanguliwa na ugonjwa wa fizi na meno tu, 21. Kwa hiyo kila wiki geuza sikio na ulinuse. Sikio zima halina harufu ya kukufanya urudi nyuma, na rangi ya ndani ni ya waridi hafifu. Ukiona nta, jaza tundu kwa dawa ya kusafishia uliyopewa na daktari wa mifugo, shika shina la sikio chini ya tundu na ulikande mpaka usikie mlio wa majimaji, mwache atikise kichwa (simama mbali), kisha futa kwa pamba sehemu unayoiona tu. Vijiti vya pamba viache. Vinashindilia uchafu ndani. Likiwa jekundu, likitoa usaha au uji mweusi, au mbwa akiinamisha kichwa upande mmoja, usitumie dawa iliyobaki ya mwaka jana. Fangasi na bakteria hazitibiwi kwa dawa moja, na ngoma ya sikio iliyotoboka hugeuza dawa nzuri kuwa sumu.

Manyoya yale marefu ya masikioni na miguuni ni maficho mazuri ya kupe, na kupe wa mbwa katika nchi zetu huleta homa zinazoua. Pitisha vidole kila jioni ndani ya sikio, kwapani, kati ya vidole vya miguu, chini ya mkia, na utumie kinga ya kupe kwa ratiba ya daktari bila kuruka mwezi. Mbegu kali za nyasi nazo huingia humohumo na kuchimba mpaka nyamani. Mchane mara mbili tatu kwa wiki, punguza manyoya ya chini ya masikio na ya nyayo kwa mkasi, ila usimnyoe upara mgongoni kwa kudhani unampunguzia joto. Manyoya ya mgongo yanamkinga na jua. Meno yapigwe mswaki laini kwa dawa ya meno ya mbwa, kwa sababu ile ya watu haikutengenezwa imezwe.

Chakula nitakitaja kwa ufupi. Koka ni mlafi, na yale macho yatakudanganya kila mlo. Karibu 10 kati ya 100 katika utafiti ule wa kliniki za Uingereza walikuwa wanene kupita kiasi. Ukipapasa mbavu zake usizihisi, punguza chakula, hata kama anaonekana na huzuni. Ugali na dagaa wasio na chumvi si vibaya vikiwa sehemu ya mlo uliopangwa, lakini makombo ya pilau yana vitunguu, na vitunguu ni sumu kwa mbwa, pamoja na chokoleti na zabibu. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vibanzi. Akiumwa usimpe Panadol.

Kabla ya kulipa, omba karatasi mbili, na hapa usione haya. Koka wana ugonjwa wa figo wa kurithi ambao kwa kawaida huua mbwa kati ya miezi sita na miaka miwili, na ugonjwa wa macho unaopofusha taratibu ukubwani. Yote mawili hujitokeza pale tu mtoto aliporithi kasoro kwa baba na kwa mama. Wazazi wawili wanaoonekana wazima lakini kila mmoja ana kasoro moja huzaa, kwa wastani, mgonjwa mmoja kati ya watoto wanne. Kipimo cha vinasaba kipo kwa magonjwa yote mawili, na mzazi mmoja aliye safi anatosha kuhakikisha hakuna mtoto atakayeugua. Cheti cha ukoo, kama kile cha East Africa Kennel Club kwa walioko Kenya, kinakuambia mababu ni akina nani. Hakikuambii kama ni wazima. Muuzaji atakayekujibu kwamba mbwa wake ni wa kizungu halisi, hahitaji vipimo, ameshakujibu swali la kama umwamini.

Mtu mwenye busara atauliza kwa nini basi asichukue mbwa wa mtaani, ambaye hana orodha hii ya magonjwa na amezoea jua. Kwa familia nyingi hilo ndilo jibu sahihi, na sina haja ya kulipinga. Mbwa wetu wa kawaida akilelewa karibu na watu tangu wiki za mwanzo hupenda, hujifunza na hulinda. Sababu ya haki ya kumchukua koka ni moja: kuna mtu ndani ya nyumba anayetaka kazi ya kila siku na mbwa anayemtazama usoni kungojea neno. Sababu ya kupendeza wageni haitoshi. Na kuna nyumba ambazo mbwa haingii ndani kwa ajili ya tohara, yaani usafi wa ibada, jambo ambalo familia nyingi za Kiislamu za pwani hulichukulia kwa uzito. Zina njia zao za kufuga mbwa wa nje, ila koka hatafaa katika njia hizo.

Pia jiulize nani hasa atakayeishi naye. Baba na mama wakiwa kazini na watoto shuleni, anayebaki na koka kuanzia saa moja asubuhi ni dada wa kazi, ambaye mara nyingi hakuulizwa, pengine anaogopa mbwa, na mshahara wake haukuongezwa. Mbwa atamchagua yeye, atajifunza kwake, na kama anamkwepa kwa fagio, mtakaporudi jioni mtakuta mbwa mwingine. Mkalishe kwenye mazungumzo kabla ya kununua, akubali au akatae, na kama kazi imeongezeka ilipwe.

Si lazima koka aanze kwako akiwa mtoto. Watu huhama nchi, ndoa huvunjika, na koka wa miaka mitatu au minne hutafutiwa nyumba mpya. Kwa kuwa umri wa katikati wa kufa kwa koka katika utafiti ule wa London ulikuwa miaka 11 na miezi kadhaa, bado ana maisha marefu mbele. Faida yake ni kwamba tabia imeshajionyesha na magonjwa ya ujanani yameshapita. Nenda na familia nzima, mara mbili, saa tofauti. Omba kumwona akila na mtu akipita karibu, akiwa na kitu mdomoni na kuombwa akiachie, akibaki peke yake nyuma ya mlango dakika kumi. Nusa masikio. Kisha waulize wenyewe amezoea kulala wapi, nani humwogesha, amewahi kumkoromea nani na ilikuwaje, na daktari gani ana faili lake, umpigie simu mbele yao.